Weka Msasa Chini Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kuokoa Gari la Vita Ukiwa Tanga

Gari la kwanza la vita nililolitia mkono nililiharibu mwenyewe. Lilikuwa jipi, limekaa chini ya mwembe kwenye kambi ya zamani ya shamba la mkonge, njia ya kwenda Muheza, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Nilikuwa kijana mwenye haraka. Tukalipeleka gereji moja Ngamiani, tukalikwangua lote kwa grenda mpaka chuma kikang'aa, tukajaza puti, tukapuliza kijani chochote kilichokuwa dukani. Watu wakalisifu. Miaka baadaye nilionyeshwa picha ya zamani ya gari lilelile, na kwenye boneti, chini kidogo ya rangi ya shamba, namba nyeupe ya jeshi ilikuwa bado inasomeka. Namba hiyo niliigeuza vumbi kwa mkono wangu. Ndiyo ingesema gari lilikuwa la nani na lilitokea wapi. Leo lile ni jipi la kijani basi.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na vitu usivyotakiwa kufanya. Kazi ya kuokoa gari la kihistoria ni tofauti na ya gereji ya kila siku. Gereji inataka gari litembee na lipendeze. Sisi tunataka litembee ikiwezekana, lisiendelee kuoza kwa vyovyote, na lisipoteze ushahidi lililoubeba mwilini.

Magari haya yalifikaje huku

Tanga ina jina kwa vita ya Novemba 1914, pale Waingereza walipoteremsha askari kutoka India wakarudishwa baharini na jeshi dogo zaidi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, nyuki nao wakiuma bila kuuliza mtu ni wa upande gani. Lakini usipoteze siku kutafuta gari la vita ile. Katika nchi hii ilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, na jina la Kariakoo limetoka kwao. Vyuma vinavyoweza kuonekana nyuma ya karakana za mashamba ni vya Vita ya Pili.

Tanganyika yenyewe haikuwa uwanja wa mapigano safari hiyo. Askari wa Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza la Afrika Mashariki, walipigana Somalia na Uhabeshi mwaka 1940 na 1941, Madagaska 1942, kisha Burma 1944 na 1945, na nyuma yao palikuwa na malori kwa maelfu. Vita ilipokwisha, mali ya ziada ikauzwa. Mpango wa karanga wa Waingereza kule Kongwa ulinunua mitambo ya mabaki ya vita, hata vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta ya kung'olea visiki. Mashamba ya mkonge nayo yalihitaji gari lisiloogopa tope la masika, maana mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi hii ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka na kila jani lilianza safari yake kwenye njia ya shamba. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashamba mengi yalitaifishwa, meneja akabadilika, vipuri vikaadimika, na magari ya kale yakasukumwa nyuma ya bohari. Yalikaa huko kwa amani mpaka bei ya chuma chakavu ilipopanda.

Kwa hiyo mshindani wako mkubwa ni mtu mwenye mzani na gesi ya kukatia, na anakuja na fedha taslimu. Ukisikia gari lipo mahali, nenda wiki hiyohiyo.

Jua unachokitazama

Jipi la vita lilitengenezwa na Willys na Ford kuanzia 1941 hadi 1945, zaidi ya 600,000 kwa jumla. La Willys linaitwa MB, la Ford linaitwa GPW. Yote yana usukani kushoto. Mtu atakuonyesha jipi la kiraia la baada ya vita, CJ-2A, na kukuapia kwamba babu yake alilipata kwa Wajerumani. Hesabu matundu ya grili: la vita kwa kawaida lina tisa, la kiraia saba. Tazama nyuma: la vita halina mlango wa nyuma na tairi la akiba linakaa hukohuko, la kiraia lina mlango, na tairi linakaa ubavuni. Mdomo wa tangi la petroli wa jipi la vita umefichwa chini ya kiti cha dereva.

Kutenganisha Ford na Willys, inama mbele ya redieta utazame chuma kinachounganisha pande mbili za chesisi. Bomba la mviringo ni Willys. Mkondo wa pembe nne uliofunikwa kifudifudi ni Ford. Ford pia walipiga herufi F ndogo kwenye vifaa vyao, hata kwenye vichwa vya bolti. Namba ya chesisi ya Ford imegongwa juu ya mhimili wa kushoto karibu na injini. Ya Willys ipo kwenye kibao kidogo upande wa ndani wa mhimili huohuo, mbele kabisa. Ukikuta F kwenye gari la Willys usishangae. Mafundi wa jeshi walichanganya, na wetu wakaendelea palepale walipoachia.

Kwenye malori, tafuta yale ya Kanada yaliyoundwa na Ford na Chevrolet kwa mpango mmoja wa kijeshi, zaidi ya 400,000. Yana pua fupi iliyobonyea, usukani kulia, na yale ya kebini ya baadaye yana kioo cha mbele ambacho sehemu yake ya juu imeelemea mbele ili kisiakisi jua na kuonekana na ndege. La Ford lina injini ya V8, la Chevrolet silinda sita zilizopangwa mstari. Ukipata namba ya jeshi la Uingereza kwenye mlango au boneti, herufi ya mwanzo inakwambia aina: L ni lori, Z ni gari dogo la mizigo, M ni gari la abiria, jipi likiwamo, A ni la wagonjwa, H ni la kukokota mizinga.

Makaratasi, kabla ya winchi

Gari lililokaa miaka 40 bila kadi bado lina mwenyewe. Mara nyingi ni familia yenye watu saba, na wa saba anaishi Dar es Salaam, hapokei simu. Usichukue neno la kijana mmoja wa nyumba. Andikianeni mkataba ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, mashahidi wa pande zote mbili wasaini, namba ya chesisi iandikwe humo. Kisha nenda TRA na namba hiyo kuuliza hali ya usajili kabla hujatumia hata shilingi kwenye matengenezo. Kama gari lipo ndani ya shamba lenye mwekezaji, ruhusa yake ya maandishi ni ya lazima pia.

Ukidhani gari lina uzito wa kihistoria, kwa mfano lina alama za kikosi, zungumza na Idara ya Malikale (Mambo ya Kale) mapema, na watu wa Urithi Tanga walioko kwenye boma la zamani la Wajerumani pale mjini. Na jambo moja ambalo wapenzi wa magari haya hupenda kulisahau: JWTZ imewaonya raia zaidi ya mara moja kuhusu sare na mavazi ya kijeshi. Gari la mwaka 1943 lenye namba zake za 1943 ni historia. Usilipambe kwa alama za jeshi la leo, na usiliendeshe umevaa mabakamabaka.

Siku ya kwanza ni ya daftari

Usiguse spana. Piga picha gari lilivyo, pande zote nne, chini, ndani, kila kibao, kila kiraka, kila waya uliofungwa kwa kamba ya katani. Weka rula kwenye picha. Chora mchoro mbaya tu wa gari, uandike namba kila sehemu, kisha kila kitu kitakachotolewa kifungwe kitambulisho chenye namba hiyo. Mimi natumia vipande vya bati la kopo vilivyogongwa namba kwa msumari. Karatasi huliwa na mende na kalamu hufutwa na dizeli.

Halafu tafuta watu. Hii ndiyo sehemu wengi wanairuka, nami naiona ya thamani kuliko injini. Dereva wa mwisho wa gari lile, au mtoto wake, au turnboi, huenda yuko Pongwe au Maramba na kumbukumbu zake zipo kamili. Nenda na sukari, kaa, mrekodi kwa simu. Nilimfuata mzee mmoja Muheza kwa ajili ya lori la Kanada.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa lile gari? Lile halina breki."

Aliendesha gari lisilo na breki miaka sita, akaniambia ni mlima gani alikuwa anautumia kulisimamisha. Pia aliniambia tundu lililo kwenye mlango, ambalo mimi nilikwisha kuliandika "risasi" kwa alama ya kuuliza, lilitobolewa kwa drili ili kufunga kioo cha pembeni.

Kutokana na daftari na mazungumzo hayo utafanya uamuzi mmoja: gari hili litaonyeshwa likiwa la mwaka gani? La 1944 jeshini, la 1955 shambani, au lilivyokutwa? Jibu la tatu linastahili heshima kuliko linavyopewa. Jipi lililotumika vitani miaka mitatu na kwenye mkonge miaka 30 ni gari la mkonge zaidi. Kama rangi ya shamba na jina la shamba bado vipo mlangoni, sitakushauri uvifute ili kurudisha nyota nyeupe ya jeshi ambayo huna uhakika iliwahi kuwapo. Magari yenye nyota duniani ni mengi. Yenye jina la shamba la Korogwe ni machache.

Vitu vinavyoumiza watu

Ringi kwanza. Majipi mengi ya vita na malori ya Kanada yana ringi za vipande viwili vilivyobanwa kwa bolti. Kwenye jipi kuna nati tano zinazoshika gurudumu kwenye habu, na nyingine nane za kushikanisha vipande vya ringi. Ukifungua zile nane tairi likiwa na upepo, kipande kitaruka na kukuvunja uso, au kukuua. Toa kizibo cha valvu, toa upepo wote, pitisha waya kuhakikisha valvu haijaziba, ndipo uguse. Waingereza walipaka nati hizo rangi nyekundu kama onyo. Zipake wewe pia. Na ukiwa hapo kwenye magurudumu, kumbuka nati za upande wa kushoto wa jipi zimekatwa kinyume, zinafunguka kwa kuzungusha kulia. Vijana wengi wamekata stadi, zile bolti za gurudumu, wakidhani ni kutu.

Rangi za zamani zina madini ya risasi. Usizisugue zikiwa kavu. Tumia msasa wa maji, vaa barakoa yenye chujio, na watoto wasicheze na vumbi lake. Laini za breki na klachi za zamani, na gasketi za ekzosi, zina asbesto: zilowanishe kwa maji ya sabuni kabla ya kufuta, usipulize kwa kompresa. Baadhi ya geji za wakati wa vita zilipakwa rangi yenye radiamu ili zisomeke gizani. Zisifunguliwe wala kukwanguliwa. Tangi la petroli halichomelewi, hata kama lina miaka 30 halijaona petroli. Na ukikuta chini ya kiti kitu chenye umbo la risasi kubwa au bomu, rudi nyuma ulikotoka, zuia watu, piga 112.

Kulitoa lilipo

Gari lililozama ardhini halivutwi kwa bampa. Chimba magurudumu yote manne, inua kwa jeki za mbao na chuma taratibu, weka mbao ngumu chini. Funga mnyororo kwenye chesisi au ekseli. Kama mwembe umekulia ndani ya bodi, kata mti, usikate bodi. Chekecha udongo ulio chini ya gari kwa chekecheke ya mchanga: vibao, nati, hata vifungo vya turubai hudondoka hapo. Nilipata kibao cha maelekezo ya gia kwenye kiota cha kuku.

Usijaribu kuliwasha huko porini. Najua utashawishika.

Chumvi, adui wa pwani

Hapa Tanga kutu haitokani na mvua peke yake. Upepo wa bahari unaleta chumvi, inajificha ndani ya kutu, na hata ukipaka rangi juu yake inaendelea kula chuma. Ndiyo sababu gari lililopakwa Chumbageni linatoa malengelenge baada ya mwaka mmoja wakati mwenzake wa Dodoma bado linang'aa. Hatua ya kwanza ya usafi ni maji baridi yasiyo na chumvi, mengi. Maji ya mvua ni bora. Usitumie ya kisima, visima vingi vya karibu na ufuo vina chumvi. Osha, acha likauke, osha tena, siku kadhaa. Mashine ya presha ielekezwe kwenye chesisi na chini ya matope tu. Kwenye rangi ya asili tumia sifongo, sabuni laini na mkono.

Vifaa vidogo vilivyoota kutu nzito vina njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni molasi, ile ya viwanda vya sukari wanayolishia ng'ombe: sehemu moja kwa maji sehemu kumi, ndani ya pipa la plastiki lenye mfuniko, wiki moja hadi tatu. Inanuka, inaleta inzi, jirani atalalamika, lakini inakula kutu bila kula chuma kizima. Usitie aluminiamu humo. Ya pili ni umeme: maji, soda ya kufulia gramu 100 kwa ndoo ya lita 20, chaja ya betri, waya hasi kwenye kifaa chako, waya chanya kwenye kipande cha nondo. Magadi ya kupikia maharage yanavutia kwa bei, ila yana chumvi ndani yake, na chumvi ndiyo tunayoikimbia. Nondo iwe ya chuma cha kawaida. Chuma kisichoshika kutu kinatoa sumu kwenye maji. Fanyia nje, kwa sababu hidrojeni inayotoka inalipuka. Springi usizitie kwenye umeme, zinakuwa dhaifu na kukatika.

Paneli kubwa zenye kutu nyembamba zinaweza kupakwa dawa ya kugeuza kutu yenye tanini, kitu kilekile kilichomo kwenye gome la mkoko linalotumika kutia ngozi rangi. Kutu inageuka nyeusi na kutulia. Ni nzuri kwa gari ambalo umeamua kulitunza lilivyokutwa.

Injini

Injini ya jipi la vita ni ya silinda nne, lita 2.2, nguvu farasi 60, valvu zikiwa ubavuni mwa bloku. Ukifungua silinda hedi unapata bati zito tu, valvu zote zinabaki chini, kwa hiyo kukagua ndani ni kazi ya asubuhi moja.

Toa plagi, mulika ndani. Mimina kwenye kila silinda mchanganyiko wa nusu asetoni nusu hydroliki ya giaboksi ya otomatiki, kama kikombe cha kahawa. Subiri wiki, ongeza. Ndipo ujaribu kugeuza kwa mkono kwenye flaiwili, mbele kidogo, nyuma kidogo. Nimeona fundi akifunga gari lililokwama kwenye trekta, akatia gia, wakavuta. Koni rodi ikapinda na hasira ya mwenye gari ikawa kubwa kuliko lile trekta. Ikigoma kabisa, fungua hedi. Toa sampo pia, lile beseni la oili chini ya injini, usafishe tope la oili ya zamani kwa koleo ndogo, kwa sababu oili ya kisasa italilegeza tope lote kwa mkupuo na kuziba njia za mafuta.

Ikizunguka, pima kompresheni, kagua valvu zinazogoma kupanda. Baada ya hapo ni vipimo: mwanya wa platini ni 0.5 mm, wa plagi 0.75 mm hivi, tapeti 0.35 mm injini ikiwa baridi, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Oili ya daraja 30 inatosha kwa joto letu. Kwenye giaboksi tumia oili ya daraja GL-4, si GL-5 ambayo wauza duka watakusifia. Hiyo inaweza kula shaba za ndani. Redieta ipewe maji ya mvua yenye kulanti.

Siku ya kuwasha, tumia chupa ndogo ya petroli iliyoning'inizwa badala ya tangi la zamani, na mtu awe na kizimamoto mkononi, si ndani ya nyumba. Ukipiga hendeli ya kuwashia injini kwa mkono, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, na uvute kwenda juu, usisukume chini. Hendeli ikirudi nyuma inavunja kiganja. Wazee wote waliowahi kuwa maturnboi wanajua hili. Muulize yeyote akuonyeshe.

Vipuri si janga kama watu wanavyodhani. Injini hii iliendelea kutumika kwenye majipi ya kiraia baada ya vita, na maduka ya Marekani, Ulaya na Ufilipino bado yanauza gasketi, pistoni na ringi. Bushi na pini kwa mkerezaji mzuri hapa mjini ni kazi ya siku mbili, mradi umpelekee sampuli na vipimo. Kama kipuri cha Land Rover kilifungwa miaka ya 1970 na kinafanya kazi, sikioni kama doa. Kiandike kwenye daftari.

Umeme wa jipi ni volti 6, hasi kwenye bodi. Nyaya zake lazima ziwe nene. Nyaya nyembamba za pikipiki ndizo zinazofanya watu waseme volti 6 haina nguvu. Ukiamua kuhamia volti 12 kwa sababu ya betri, sitakulaumu, ila dainamo na stata ya asili zipake grisi, zifunge kwenye boksi, zikae na gari.

Breki

Hapa usihifadhi kitu kwa mapenzi. Mpira wote wa zamani utolewe: vikombe, hozi, sili. Silinda za breki zenye mashimo ya kutu mkerezaji azitanue na kuzivalisha bushi ya shaba. Mabomba mapya. Mfumo ni wa njia moja, ukipasuka popote umekosa breki zote, kwa hiyo jaribu uwanjani kwanza. Mafuta ya breki ya kawaida yananyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ina unyevu wa kutosha, basi yabadilishwe kila mwaka.

Bodi na rangi

Bodi ya jipi inaoza sakafuni, na siri yake ni kwamba mikondo ya chuma chini ya sakafu ilijazwa mbao, mbao zinanyonya maji na kuyashikilia. Fungua, toa mbao, pima, weka mpya ya mninga iliyopakwa dawa na mafuta pande zote. Penye kiraka, kata kidogo iwezekanavyo: shona kipande kipya kwenye chuma kizima cha asili, usitupe paneli yote. Andika mwaka kwa patasi ndogo upande wa ndani wa kila kipande kipya, ili atakayekuja baadaye asidanganyike. Puti iwe ya kulainisha mistari tu. Puti nene inakaa na maji kama sifongo.

Sasa msasa unaweza kuinuliwa, kwa uchache. Chagua sehemu ndogo, kama sarafu, na usugue taratibu kwa msasa laini wa maji, katikati zaidi na pembeni kidogo. Tabaka zitajitokeza kama pete za mti uliokatwa: rangi ya shamba, ya pili ya shamba, kijani cha jeshi, labda kahawia chini yake, praima nyekundu. Kahawia ina maana, kwa sababu jeshi la Uingereza lilitumia kahawia katikati ya vita kabla ya kuhamia kijani cha zeituni mwaka 1944. Fanya hivyo mahali kumi, hasa boneti na milango, ukienda polepole penye dalili ya namba au alama. Sampuli bora ya rangi iko mahali jua halikufika: nyuma ya kibao, chini ya mshikio wa taa.

Kama rangi ya asili ipo kwa zaidi ya nusu, ushauri wangu ni kutopaka. Osha, kausha, paka nta ya gari isiyo na unga wa kusugulia, na jaza mashimo ya ndani ya chesisi kwa nta ya kuzuia kutu. Kama lazima upake, subiri Januari au Februari, vuli imekwisha na masika bado. Anza saa nne asubuhi umande ukishakauka, usipake chuma kikiwa baridi kuliko hewa, acha unyevu unapopita asilimia 85. Praima ya epoksi ndani ya saa chache baada ya kusafisha chuma. Ukiacha mpaka kesho utakuta wekundu wa kutu. Rangi ya juu iwe isiyong'aa. Jipi linalong'aa kama pikipiki mpya la bodaboda halikuwahi kuwapo jeshini.

Turubai, peleka kwa washona matanga ya majahazi. Mji huu umebeba jina la kitambaa hicho na bado wapo, huku na Pangani, wanaojua kushona kanvasi ya pamba kwa mshono unaovimba na kuziba tundu la sindano ukilowa. Wapelekee la zamani hata kama ni matambara, walitumie kama kipimo, na ulirudishe.

Linapolala

Banda liwe mbali na ufuo kadiri unavyoweza, mgongo wake uelekee kusini-mashariki inakotoka kusi, sakafu ya zege, pande mbili wazi. Paa la makuti linafaa kuliko bati tupu, kwa sababu bati hutoka jasho usiku na kudondosha matone, ingawa makuti yanakaribisha panya wa kula nyaya. Usilifunike gari kwa turubai la plastiki. Utakuwa umelipikia kutu. Shuka ya pamba inatosha.

Inua ekseli kwenye stendi ili matairi yasipate bapa. Kila mwezi geuza injini kwa hendeli plagi zikiwa nje, na kila miezi mitatu liwashe na uliendeshe kama nusu saa mpaka lipate moto kamili. Kuliwasha dakika tano na kulizima kunaacha maji ndani ya ekzosi. Osha chini kwa maji baridi kila baada ya safari ya Raskazoni kule ufukweni, hata kama barabara ilikuwa kavu. Kila unachofanya, tarehe na aliyefanya, viandikwe kwenye daftari lile la siku ya kwanza, na nakala yake ikae nyumba nyingine.

Lile jipi langu la kijani bado ninalo. Mwaka jana nilifungua kibao cha maelekezo kwenye dashibodi, mahali pekee grenda yetu haikufika, nikakuta nyuma yake rangi ya kijani iliyofifia, upana wa vidole viwili. Nimekipiga picha, nimekirudisha, na skurubu zake sijazikaza sana.